Tafakuri ya 12: Umemshika nani kichwa?

Leo ni siku ya 12. Jua la jana hapa Morogoro mjini mmeliona wenyewe, na mvua imegoma kushuka, imening'inia kule juu mlimani inatutazama tu. Naandika baada ya Alfajiri, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha, leo nina jambo linalonihusu mwenyewe.

Jana saa kumi na moja jioni nilikuwa nje ya Soko Kuu la Chifu Kingalu natafuta magimbi. Kijana wa bodaboda akapita karibu mno na mzee mmoja, akaligusa kapu lake, viazi vikamwagika. Mzee akageuka, mkono juu: "We kijana, usinichezee, mimi nimefunga!" Kijana naye akasimamisha pikipiki: "Hata mimi nimefunga, mzee!" Wakabaki wanatazamana, kila mmoja kamwinulia mwenzake saumu yake kama rungu. Watu tukacheka, viazi tukaviokota, mzee akatulia, kijana akaondoka. Lakini njiani kicheko kikaniishia.

Maana neno lile Mtume (S.A.W.) hakutufundisha tulitumie hivyo. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim tumefundishwa kwamba saumu ni ngao, na mtu akikutukana au akitaka kupigana nawe, useme kwamba umefunga. Wanazuoni wamejadili: uliseme kwa sauti ili mwenzako asikie, au uiambie nafsi yako kimoyomoyo? Wapo waliosema hivi, wapo waliosema vile. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba maana yake ni "niogope". Ngao ni kitu cha kujikinga. Sisi tumeigeuza kile kibao cha getini kilichoandikwa "Mbwa Mkali".

Na tuseme ukweli, saa moja kabla ya Magharibi ndiyo saa ngumu kuliko zote majumbani mwetu. Mama yupo jikoni tangu Alasiri, naye kafunga. Uji wa pilipili manga unachemka, mihogo ya nazi haijaiva, mtoto kamwaga juisi ya ukwaju, baba anaingia anauliza kwa nini hakuna tambi. Sauti inapanda. Baada ya futari, tumbo likishatulia, anasema, "Nisameheni jamani, ilikuwa saumu." Saumu! Yaani ibada ya Mwenyezi Mungu ndiyo inabebeshwa lawama za ulimi wake.

Baba huyuhuyu mchana alisimamishwa na trafiki, akaandikiwa faini ambayo moyoni mwake anaamini haikuwa haki. Alisema nini? "Samahani afande." Sauti laini kama ya bwana harusi. Kazini bosi alimfokea mbele za watu. Alisema nini? "Sawa mkuu, nitarekebisha." Saumu ilikuwa ileile, njaa ileile, jua lilelile. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nikikasirika siwezi kujizuia" hasemi kweli. Anaweza. Amejizuia mara mbili siku hiyohiyo, tena vizuri kabisa. Hasira zetu zina adabu nyingi sana mbele ya wenye nguvu. Ni kama maji ya huku kwetu: chanzo kiko juu Uluguru, lakini yakifurika hayapandi mlima, yanamfuata aliye bondeni.

Na mimi ni wa kwanza kuhusika. Nitalifikia hilo.

Kwanza tuangalie neno lenyewe. Katika Surat Aal-Imran, aya ya 134, Mwenyezi Mungu anapowataja wachamungu, baada ya kutaja kutoa kwao katika raha na dhiki, anawaita kaadhimina, wenye kuizuia ghadhabu. Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba kadhm asili yake ni kufunga mdomo wa kiriba kilichojaa maji. Kiriba kilichojaa! Kiriba kitupu hakina haja ya kufungwa. Kwa hiyo wanaosifiwa pale ni watu waliojaa mpaka shingoni, siyo wale wasiohisi kitu. Imam Ghazali katika Ihyaa ana kitabu kizima kuhusu hasira, chuki na husuda, na anaona kwamba upungufu wa hasira nao ni kasoro kama ulivyo wingi wake. Mtu ambaye watu wake wanadhalilishwa mbele yake na yeye anaendelea kuchokonoa meno, huyo hatumwiti mpole.

Lakini si Mtume (S.A.W.) alipoombwa nasaha na mtu mmoja alimwambia asikasirike, na kila alipoombwa tena akarudia jibu hilohilo? Ndiyo, hadithi hiyo ni ya Bukhari. Ibn Rajab katika sherehe yake ametoa njia mbili za kuielewa: ama jizoeshe tabia zitakazokuepusha na kukasirika, kama upole na haya, ama hasira ikishakuja usiitii amri yake. Njia ya pili ndiyo inayonisaidia mimi, kwa sababu ya kwanza, wallahi, bado nahangaika nayo.

Nisingependa tuishie hapo, kwamba "basi tujizuie, tumalize". Kuna swali gumu zaidi, na sisi watu wa milima hii hatuwezi kulikwepa, maana limetokea kwetu.

Wazee wetu walilishuhudia lile jambo la matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilileta Uluguru mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kulinda mito. Nia kwenye karatasi ilikuwa njema, Mto Ruvu unatokea huku. Lakini watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ile mikali, na asiyechimba alishtakiwa. Kuchimba kwenyewe kulikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na sehemu nyingi udongo wenye rutuba huku ni tabaka jembamba tu: ukikata tuta unaufukia ule mzuri na kutoa nje ule usiofaa. Mkulima aliliona hilo kwa macho yake msimu wa kwanza. Alisema, hakusikilizwa. Na waliosimama shambani kumsimamia mara nyingi hawakuwa Wazungu, walikuwa majumbe na wasimamizi, watu wa hapahapa. Mwaka 1955, huko Matombo, kiriba kikapasuka. Umati ukakusanyika, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ule ukaachwa.

Sasa niambie, ungewaambia nini watu wale? "Jamani, msikasirike"? Ningeona haya kuwaambia hivyo. Hasira yao ilikuwa na elimu ndani yake. Ilijua kitu kuhusu udongo ambacho maofisa na ramani zao hawakukijua. Na haikuwa chuki ya matuta kama matuta, maana Mgeta mpaka leo watu wanalima kwa matuta na kabichi zao tunazila. Ilikuwa ni kulazimishwa, na kutosikilizwa na mtu wasiyeweza kumfikia. Mwenye haki hakufikika. Jiwe likamfikia aliyekuwa karibu.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Hasira inaweza kuwa ya kweli kabisa kuhusu jambo, na ikawa ya uongo kuhusu mtu. Mambo haya mawili sisi huyafunga kwenye kifurushi kimoja. Tukishathibitisha kwamba kweli tumedhulumiwa, tunaona tayari tumethibitisha kwamba aliye mbele yetu ndiye aliyetudhulumu.

Matombo ni nyumbani kwetu, na huko ndiko nilikofanya yangu.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi, siku ya 8. Mama yetu alikuwa amefariki miezi michache kabla. Aliacha shamba lenye migomba, minanasi na mikarafuu ambayo aliipanda mwenyewe tukiwa wadogo. Kaka yangu mkubwa ndiye anayeishi kule na kulitunza, mimi niko mjini. Mchana napigiwa simu na jirani: karafuu za mama zimeuzwa. Siyo zilizovunwa. Zimeuzwa zikiwa mtini, kabla hata hazijakomaa, kwa mfanyabiashara aliyelipa nusu ya bei ambayo angelipa wakati wa mavuno. Na sikuambiwa.

Nilichukua pikipiki palepale. Bigwa, Mkuyuni, mpaka Matombo, njia nzima napanga maneno. Na sikilizeni jinsi nafsi ilivyo fundi: ilinipatia mpaka hadithi. Nikakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kukomaa kwake kudhihiri. Hadithi sahihi, ya Bukhari na Muslim, tena yenye hekima kubwa, kwa sababu biashara hii ya kununua zao likiwa mtini ndiyo inayowamaliza wakulima wetu mpaka leo. Kwa hiyo nikawa sipandi tena kama mdogo mtu mwenye hasira. Nilikuwa napanda kama mufti.

Nilifika karibu na Magharibi. Watoto wamekaa kwenye mkeka, shemeji anapakua futari, kuna wageni wawili. Kaka akainuka kunipokea. Sikumwacha amalize kuitikia salamu. Nilisema yote, mbele ya mkewe, mbele ya watoto wake, mbele ya wageni. Nilimwita mwizi wa marehemu. Hadithi nikaisoma kwa Kiarabu. Yeye alisimama tu, ameshika kikombe cha maji, anasubiri adhana. Ilipoadhiniwa akaniambia kwa sauti ndogo, "Karibu ufungue, mdogo wangu." Nikakataa. Nikafungulia saumu maji njiani, Mkuyuni, kwenye kibanda cha mtu, nikijiona shujaa.

Kesho yake ilikuwa siku ya 9. Mimi nasoma juzuu moja kila siku, kwa hiyo nilikuwa juzuu ya 9, ndani ya Surat Al-A'raf. Nikafika aya ya 150.

Mnakijua kisa. Nabii Musa (A.S.) anarudi kutoka mlimani na mbao za Taurati, anakuta kaumu yake wanaabudu ndama. Ghadhabu na huzuni vimemjaa. Anazitupa mbao, anamkamata ndugu yake kichwa anamvuta. Na hasira yake ilikuwa ya haki kuliko hasira zetu zote: shirki, baada ya kuokolewa baharini! Nani atamlaumu? Lakini yule aliyemshika kichwa ni Harun, naye Harun hakutengeneza ndama. Harun alikuwa amewakataza, wakamwona dhaifu, wakakaribia kumuua. Jambo lilikuwa kweli. Kichwa alichokishika kilikuwa cha mtu mwingine.

Na Harun anamwitaje? Anamwita mwana wa mama yake. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wanasema walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ila alimtaja mama ili kumlainisha moyo. Sisi Waluguru hatuhitaji tafsiri ndefu hapo. Ukoo wetu tunaupata kwa mama, ardhi tunaipata kwa mama, na ukitaka kumkumbusha mtu damu yake unamtajia mama. Nilisoma aya ile, nikafunga msahafu. Nikaufungua tena. Kaka yangu hakunitajia mama. Alinikaribisha futari tu.

Wiki moja baadaye shemeji alinipigia. Hakuwa na hasira, au alikuwa amefunga mdomo wa kiriba chake, sijui. Aliniambia: aliyeuza karafuu ni mjomba. Mjomba alikuwa na deni, akasema shamba ni la ukoo na yeye ndiye msemaji wa ukoo. Kaka akakataa. Akaambiwa kama hataki, aondoe na nyumba yake pale, akajenge kwa baba yake. Mkiwa mnazijua mila zetu mnaelewa uzito wa maneno hayo. Alinipigia simu mara tatu siku ile ya mabishano. Nilikuwa kazini, sikupokea, na sikumrudia.

Kwa kweli kaka naye alikosea, angeweza kunitumia hata ujumbe. Simsafishi kabisa. Lakini alikuwa Harun.

(Kabla mtu hajaniandikia faragha kuhusu kusengenya ndani ya Ramadhani: wajomba ninao wengi, sitasema ni yupi, ukoo sijautaja, na kaka amenipa ruhusa.)

Nimelifikiria jambo hili kwa mwaka mzima na zaidi, na kitu ambacho bado kinaniuma siyo kwamba nilikosea mtu. Kukosea mtu kunatokea. Kinachoniuma ni hiki: hata kama ningejua siku ile kwamba ni mjomba, nisingempandia mjomba vile. Najijua. Ningefika pale, ningesema "Shikamoo mjomba", ningekaa kwenye kigoda, ningekunywa chai yake. Ile hasira ilipanda mlima kwa sababu ilijua kule juu kuna mtu wa chini. Ilimchagua kaka kabla sijajua nani kafanya nini.

Wala tusidhani haya yanaishia kwenye karafuu. Hapa hapa mkoani kwetu, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, Disemba 2000, mgogoro wa wakulima na wafugaji ulimalizika kwa watu 38 kuuawa. Ilikuwa Ramadhani. Pande zote mbili zilikuwa na madai, mengine ya kweli kabisa, ya maji, ya malisho, ya mazao kuliwa, ya mifugo kukamatwa. Lakini mauaji yakishaanza hakuna anayeuliza katika hawa 38 nani hasa alimdhulumu nani. Anayekutwa ndiye anayelipa.

Turudi kwa Nabii Musa, kwa sababu kisa hakikuishia kwenye kichwa cha Harun. Baada ya Harun kusema, Musa anaomba msamaha kwa Mola wake, kwa ajili yake na kwa ajili ya ndugu yake, wote wawili. Kisha aya ya 154 inatumia neno la ajabu: inasema hasira ilipomnyamazia Musa. Ilimnyamazia, kama vile alikuwa mtu amesimama begani kwake anampigia kelele. Na iliponyamaza, aliziokota zile mbao. Hakusema, "Basi yaishe, Ramadhani hii." Ndama bado yupo, dhulma bado ipo, kazi bado ipo.

Na katika Surat Taha, akishamalizana na Harun, anamgeukia Saamiri, mkosaji mwenyewe. Anaanza kwa kumuuliza. Una nini wewe, jambo lako ni lipi? Asiye na kosa alivutwa kichwa, mwenye kosa akaulizwa swali. Nimesoma kisa hiki tangu madrasa na sikuwahi kuliona hilo. Tofauti yake ni kwamba kati ya Harun na Saamiri hasira ilikuwa imepata muda. Na adhabu ya Saamiri ilikuja, tena kali, lakini ilikuja baada ya swali na jibu. Ndiyo maana hata kadhi tumefundishwa asihukumu akiwa na ghadhabu. Anaweza kuwa na sheria yote kichwani, kama mimi nilivyokuwa na hadithi yangu ya matunda, na bado asione aliye mbele yake.

Kwa hiyo zile tiba za Mtume (S.A.W.) tunazozifundisha watoto, aliyesimama akae, ikiendelea alale, anyamaze, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, tusizichukulie kama vidonge vya usingizi. Khattaabi amesema aliyesimama yuko tayari kupiga, aliyekaa yuko mbali zaidi na hilo, na aliyelala mbali zaidi. Ni kununua muda. Ukikaa chini, mkono wako haufiki kichwani kwa mtu. Ukinyamaza, huenda aliye mbele yako akapata nafasi ya kusema sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo usiyoijua. Kaka alikuwa nayo siku ile. Nilimnyima pumzi ya kuisema.

Nisisahau hili, hasa kwa wanaume. Kesho tukiingia juzuu ya 13 tutamkuta Nabii Yaaqub (A.S.), macho yake yamekuwa meupe kwa kumlilia Yusuf, na Qur'ani inamwita kadhiim. Neno lilelile la kiriba. La hasira na la msiba ni moja. Mama alipofariki sikulia. Nilisimamia kaburi, nilipokea watu, nilihesabu maturubai, watu wakasema "huyu mwanaume kweli". Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya maswahaba wake, machozi yanamtoka, mimi nikaona nimezidi hapo. Zile karafuu zilikuwa mikono ya mama. Alizipanda kwa mtaimbo mdogo, mimi nikibeba miche kwenye beseni. Nilipoambiwa zimeuzwa, kilichopasuka kilikuwa kimejaa tangu siku ya mazishi, na kikamwagikia mtu pekee duniani ambaye mama yake alikuwa amekufa siku ileile kama wangu.

Nilimwomba kaka radhi, kwa simu kwanza, halafu Idd nikaenda. Alisema, "Yameisha." Mnalijua hilo "yameisha" letu. Wakati mwingine linamaanisha yameisha, wakati mwingine linamaanisha sitaki tuyazungumze tena. Watoto wake walinipa mkono lakini yule wa kike, mkubwa, bado hanitazami machoni. Alikuwepo siku ile na alisikia neno "mwizi". Kwake nimeomba radhi pia, mtoto wa miaka kumi, na watu wazima waliokuwepo walishangaa kwamba mtu anaweza kumwomba radhi mtoto.

Lakini mbao bado ziko chini. Msimu uliopita karafuu ziliuzwa tena zikiwa mtini. Mjomba nimekutana naye mara tatu tangu hapo, na mara zote nilimpelekea sukari na tende, nikampa shikamoo, nikaulizia afya yake. Watu wanaona nina subira. Naijua nafsi yangu, ile haikuwa subira. Ni kile kile cha "samahani afande".

Sasa nimeamua, na nimelisema hapa kwenye kundi ili niwaonee haya nikirudi nyuma. Jumamosi inshaAllah napanda Matombo. Sitakwenda na hadithi ya matunda, ingawa ninayo na bado ni sahihi. Nitakwenda asubuhi, kabla njaa haijawa kisingizio cha mtu yeyote. Nitampa shikamoo yake, ni haki yake. Nitakaa chini, maana nimeambiwa nikae. Kisha nitamuuliza: mjomba, lile deni lilikuwa la nini, na limebaki kiasi gani? Hilo sijawahi kumuuliza. Huenda kuna jibu ambalo silijui. Huenda halipo, na hapo itabidi tuwaite wazee wa ukoo tukae, na nitasema mbele yao kwamba shamba la mama lisiuzwe tena bila watoto wake wawili kukubaliana. Naogopa. Nimemwambia kaka kwamba naogopa.

Nilimtumia ujumbe jana usiku baada ya Tarawehe, nikamuuliza kama atakaa pamoja nami. Amejibu alfajiri hii: "Nitakuwepo. Njoo mapema, mvua ikinyesha pikipiki hazipandi. Na futari utafungulia hapa."